Kimondo cha Mbozi: uhalisia na ufikivu

Kimondo cha Mbozi, pande la chuma la tani zaidi ya kumi lililoko Marengi, mkoani Songwe, kinaupima vizuri mjadala wa uhalisia wa utalii ulioshika kasi baada ya makala ya mwanasosholojia Dean MacCannell ya mwaka 1973. Wapo wanaohofu kwamba njia ya kiti cha magurudumu huharibu uasili wa mahali. Hofu hiyo haina mashiko hapa: kimondo kilikuwa kimezama ardhini, kikachimbiwa handaki kukizunguka baada ya 1930, na leo kimekalia msingi wa zege. Mkono wa binadamu umeshapita, tena kwa manufaa ya wanaotembea kwa miguu. Kilicho halisi ni chuma na nikeli yake, na njia ya mteremko haivigusi. Tena ufikivu ni suala la sheria pia: Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010.