Hasira na Machozi katika Ndoa za Kambini

Mara nyingi tunasikia mume akinung'unika: «Mke wangu akiumizwa hasemi nami, hukimbilia kwao.» Naye mke hulalamika: «Mume wangu akikasirika hunyamaza siku tatu, hanipendi.» Je, ni kweli upendo umekwisha? Tuangalie historia ya Katanga.

Kompani ya Union Minière ilianzishwa mwaka 1906. Miaka ya kwanza watu wengi walikuja migodini bila wake zao, wakafanya kazi miezi michache, wakarudi kwao. Tangu mwaka 1928 kompani ilianza kutoa mikataba ya miaka mitatu, ikataka mtu akae kambini pamoja na mke wake. Hivyo Waluba wa Kasai, Wabemba na watu wa Rwanda walikuwa majirani, mlango kwa mlango. Wengine walioana, na Kiswahili kikawa lugha ya nyumbani.

Lakini lugha ilikuwa moja, mioyo ilikuwa imefundishwa mbalimbali. Kwa desturi ya Wabemba, watoto ni wa ukoo wa mama, na zamani mume alihamia kwanza kwa wakwe zake, akawatumikia. Kwa Waluba wa Kasai, watoto ni wa ukoo wa baba, na mke huja kwa mume baada ya mali kutolewa. Basi mke Mbemba akipeleka machozi yake kwa mama au kwa kaka, mume Mluba aliweza kuona dharau: «Anatoa siri nje!» Kumbe mke alifuata njia aliyoijua tangu utoto.

Wala desturi si yote. Mganga Galenus, aliyeishi zaidi ya miaka 1800 iliyopita, alifundisha kwamba tabia za watu hutoka katika maji manne ya mwili. Waganga wa leo wameyaacha mafundisho hayo. Lakini jambo lililo wazi halikufutika: mmoja huwaka upesi na kupoa upesi, mwingine hukawia kukasirika na hukawia kusahau. Hata watoto wa tumbo moja hawalingani.

Basi, desturi huipa hasira njia, tabia huipa nguvu. Tusipime moyo wa mwenzetu kwa kipimo cha nyumba tuliyokulia. Anayenyamaza aulizwe kwa upole. Anayepaza sauti asihesabiwe adui. Ila mtu asiseme «ndiyo desturi yetu» au «ndiyo tabia yangu» ili ampige mwenzake. Hapo hakuna udhuru.