Kisa cha Kizito kwa Watoto wa Madarasa ya Chini

Kila ifikapo tarehe 3 Juni, Uganda huadhimisha Sikukuu ya Mashahidi, nasi walimu wa madarasa ya chini hukabiliwa na swali gumu. Mtoto wa miaka saba asimuliwe vipi habari za Mtakatifu Kizito, aliyechomwa moto Namugongo mwaka 1886, akiwa na umri wa miaka ipatayo 14?

Aghalabu sisi huukimbilia moto. Kuni na kamba huzishika akili za watoto, nao hurejea nyumbani na hofu badala ya mafunzo. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza, "Mwalimu, kwani Kizito hakuwa na mama?" Ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa nimesimulia kifo pasipo kusimulia maisha.

Historia yenyewe yatuonyesha njia iliyo bora. Wamisionari Wakatoliki walifika Buganda mwaka 1879, na katika siku zile za mwanzo Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha za kufundishia dini. Waumini wapya waliitwa "abasomi", yaani wasomaji, kwa kuwa katika Kiganda kusoma na kusali vilibebwa na neno moja. Kizito alikuwa mtumishi katika jumba la Kabaka Mwanga. Mwezi Mei 1886, hatari ilipokaribia, alibatizwa na Karoli Lwanga, kiongozi wa vijana wenziwe. Mtoto anayejifunza irabu humwelewa upesi mtoto mwenziwe aliyetaka kusoma, na kaka mkubwa aliyemlinda.

Hapana budi pia kutenda haki. Papa Paulo wa Sita aliwatangaza mashahidi Wakatoliki 22 kuwa watakatifu mwaka 1964, lakini Waanglikana nao waliuawa katika mateso yayo hayo, na kabla yao, katika miaka ya 1870, Waislamu waliuawa chini ya Kabaka Mutesa. Naye Mwanga asifanywe zimwi. Alikuwa mtawala kijana aliyehofia kunyang'anywa nchi na wageni, na mwishowe Waingereza walimhamishia Ushelisheli, alikofia mwaka 1903. Hofu yake haihalalishi mauaji, ila yaeleza yalivyotokea.

Basi tuanze na kusoma, tufuate na urafiki, ndipo tufike Namugongo. Kwa mtoto wa darasa la kwanza, sentensi moja juu ya moto yatosha.