Bonge la Damu kwenye Mapafu Baada ya Upasuaji wa Moyo

Mgonjwa wako amefanyiwa upasuaji wa baipasi, amerudi nyumbani, kidonda cha kifuani kinakauka vizuri. Siku moja anaanza kuhema ghafla akiwa amekaa tu. Usidhani ni uchovu. Huenda bonge la damu limeziba mshipa wa pafu, na hiyo ni dharura.

Mara nyingi bonge hilo hutoka mguuni. Baada ya upasuaji mkubwa damu huganda kwa urahisi zaidi, na kulala kitandani kwa muda mrefu huifanya ya miguuni iende polepole. Bonge likijijenga kwenye mishipa ya ndani ya mguu, kipande kinaweza kumeguka, kikapita upande wa kulia wa moyo na kukwama kwenye pafu.

Walezi wengi huchanganyikiwa hapa, kwa sababu katika baipasi mshipa wa kupandikiza moyoni mara nyingi huchukuliwa mguuni, na mguu huo huvimba kidogo. Uvimbe wa kawaida hupungua mgonjwa akilala na kuinua mguu. Ukizidi, shavu la mguu likiuma na kuwa la moto, au mguu wa pili ukivimba, mpeleke akapimwe siku hiyohiyo. Usiuchue mguu huo, hata bibi akisema mafuta ya moto yatasaidia. Unaweza kulimegua bonge.

Akihema ghafla, akichomwa kifuani anapovuta pumzi, akikohoa damu au kuzimia, mkimbize hospitali, hata kama ni usiku. Mwambie daktari tarehe ya upasuaji na dawa anazotumia.

Tiba huwa ni dawa za kuzuia damu kuganda, kama sindano za heparini, kisha vidonge kwa miezi isiyopungua 3. Aspirini anayomeza kwa ajili ya moyo haitibu bonge hili, ila asiiache bila ushauri wa daktari. Akipewa wafarini, lazima apimwe damu mara kwa mara. Mchicha na sukuma wiki haijakatazwa. Ale kiasi kilekile kila wiki, maana kubadilisha ghafla huvuruga dawa. Mitishamba na dawa za maumivu za dukani asitumie kabla ya kumuuliza daktari. Mwanamke anayeweza kushika mimba aseme mapema, kwani wafarini hudhuru mtoto tumboni.

Nyumbani, atembee kidogo kidogo kila siku kama alivyoelekezwa. Safari ndefu ya basi kurudi mkoani isubiri ruhusa ya daktari. Njiani ashuke kila basi linaposimama, anyooshe miguu.