Makaa ya samadi

Makaa ya samadi ni mabaki meusi yenye kaboni nyingi yanayopatikana kwa kupika kinyesi cha mifugo ndani ya maji, katika chombo kilichofungwa, kwa joto la nyuzi 180 hadi 250 za Selsiasi. Shinikizo huzuia maji yasigeuke mvuke, hivyo samadi mbichi haihitaji kuanikwa kwanza. Mkemia Mjerumani Friedrich Bergius alieleza mchakato huu mwaka 1913.

Kaunti ya Nakuru nchini Kenya, yenye ng'ombe wengi wa maziwa kuanzia Njoro hadi Subukia, haikosi malighafi. Kazi inayokaribiana zaidi na hii huko ni ya makaa ya kinyesi cha binadamu: kampuni ya maji ya mji wa Nakuru hukausha tope la vyoo, hulichoma kwa hewa haba, kisha hulichanganya na vumbi la mbao na molasi kupata makaa ya kupikia. Kwenye volkeno ya Menengai, karibu na mji huo, ambako joto la ardhini limeshatumika kuchemshia maziwa, pangestahili kujaribiwa samadi pia.

Tahadhari kubwa ni maji yanayobaki baada ya kupika samadi. Yamejaa nitrojeni na potasiamu. Shambani, yakizimuliwa, ni mbolea, lakini yasiachwe kamwe yatiririkie Ziwa Nakuru, lisilo na mto wa kutokea.