Wasomi Waliotumwa Vijijini: Kujitolea kwa Wanachuo Kutoka Shinyanga Hadi Geita

Kazi ya kujitolea ya vijana Usukumani ni ya kale kuliko chuo chochote. Vijana wa kijiji walikuwa na umoja wao, basumba batale, chini ya kiongozi aliyeitwa nsumba ntale. Walilima kwa zamu mashamba ya wenzao, majembe yakifuata ngoma, na mwenye shamba akawalisha. Aliyekwepa zamu alijulikana kijiji kizima.

Msomi aliingia katika kazi ya namna hii kwa amri ya serikali. Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963, likiwa la hiari. Mwaka 1966 wasomi wakalazimishwa kulitumikia miaka miwili: miezi michache kambini, muda uliobaki kazini kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba mwaka huo wanafunzi waliandamana Dar es Salaam kupinga mpango huo, na karibu 400 wakafukuzwa masomoni. Katika mzozo huo, Rais Nyerere alikata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Azimio la Musoma la Novemba 1974 likaongeza sharti: kabla ya kuingia chuo kikuu, kijana afanye kazi kwanza.

Wakati huohuo, Kanda ya Ziwa ilikuwa na jambo lenye mvuto zaidi. Kuanzia 1968, kwa msaada wa UNESCO, mikoa ya Mwanza, Shinyanga, Mara na Ziwa Magharibi ilifanyiwa majaribio ya kisomo chenye manufaa. Geita ilikuwa bado wilaya ya Mwanza. Ubora wa mpango huo ulikuwa vitabuni: mkulima alijifunza kusoma kupitia pamba, mvuvi kupitia uvuvi, watu wa Bukoba, mkoani Ziwa Magharibi, kupitia migomba. Neno la kwanza mtu alilosoma lilikuwa tayari mikononi mwake tangu asubuhi. Madarasa ya ngumbaru, yaani ya watu wazima, yalihitaji walimu wengi kuliko walioajiriwa, ndipo waliosoma kidogo wakawafundisha wasiosoma kabisa, kwa posho ndogo. Hapa kujitolea kulifanana na zamu ya shambani, na ndiyo maana kulikubalika kuliko kambi. Nchini kote, watu wazima wasiojua kusoma walipungua kutoka asilimia 67 mwaka 1967 hadi karibu 10 mwaka 1986.

Mpango wa elimu ya msingi kwa wote, UPE, uliwapeleka madarasani, kama walimu, makumi ya maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba. Walifundisha huku wakijifunza ualimu.

JKT ya lazima ilisimama mwaka 1994, ikarejeshwa mwaka 2013 kwa wahitimu wa kidato cha sita, wanaoitwa vijana wa mujibu wa sheria. Geita ilifanywa mkoa mwaka mmoja kabla. Huko dhahabu huvuta familia kwenye machimbo madogo kama ya Nyarugusu na Rwamgasa, na shule za jirani hujaa haraka kuliko serikali inavyoajiri. Pengo hilo huzibwa kwa sehemu na wanachuo walio kwenye mazoezi ya kufundisha, na wahitimu wa ualimu wanaojitolea wakisubiri ajira. Wengi wa wahitimu hao huishi bila mshahara, wakitegemea posho inayochangwa na wazazi pale inapopatikana.