Maziwa ya mpira ndani ya tyubu

Wadau, leo naomba tuongelee pancha. Ndiyo, pancha ya baiskeli!

Wale jamaa wanaoleta mkaa Temeke kwa baiskeli kutoka Kisarawe na Mkuranga mnawafahamu. Kwao msumari mmoja ni hasara kubwa. Kushusha magunia, kutafuta fundi, tyubu kwenye beseni la maji, msasa, solusheni, kiraka... jua limeshawaka na wateja wameshanunua kwa mwingine.

Ndiyo maana ipo dawa ya kumimina ndani ya tyubu kupitia kwenye valvu. Mwiba ukitoboa, upepo unaisukuma ile dawa kwenye tundu na hapo hapo inaganda. Kwa tundu dogo tu lakini. Tyubu ikichanika, rudi kwa fundi.

Sasa hiyo dawa ni nini? Aina nyingi zina utomvu wa mpira, yale maziwa yenyewe, yaliyotiwa amonia yasigande yakiwa chupani. Na hapa ndipo historia inapoingia.

Kabla Dunlop hajatengeneza tairi lake la upepo kule Belfast mwaka 1888, watu wa pwani yetu walikuwa wakikata mitoria ya mwituni na kuvuna mpira. Mmoja wa mimea hiyo wataalamu waliupa jina la Landolphia kirkii, kwa heshima ya John Kirk, konseli wa Uingereza pale Unguja. Maziwa yake huganda haraka yakipata hewa, hivyo wavunaji waliyaviringisha yakawa madonge. Fikiria: mmea unajiziba jeraha wenyewe. Dawa ya pancha ilianzia porini!

Baiskeli zilipovuma Ulaya miaka ya 1890, mpira ukawa dhahabu. Wangindo wa upande wa Liwale walipeleka madonge hadi Kilwa. Kule Kongo ya Mfalme Leopold, waliposhindwa kutimiza kiwango walikatwa mikono na kuuawa, mpaka alipoporwa koloni hilo na serikali yake mwenyewe mwaka 1908. Jamani, tairi lile lilikuwa na damu.

Wajerumani nao wakapanda mpira wa Brazil huku Tanga na Morogoro. Mwaka 1913 bei ikaporomoka kwa sababu mashamba ya Malaya na Ceylon yalitoa mpira mwingi na wa bei rahisi. Mashamba yetu yakatelekezwa. Japani ilipoiteka Malaya mwaka 1942, Waingereza wakayakumbuka tena, na watu wakapelekwa kufanya kazi humo kwa lazima. Vita vilipoisha, bei ikawa ya wakubwa tena.

Mnaona mtindo? Mpira wetu ulitakiwa pale tu wenye viwanda walipobanwa. Ulitoka mbichi, ukarudi ukiwa tairi na tyubu, kwa bei waliyopanga wao. Baada ya uhuru tulijaribu: kiwanda cha General Tyre pale Arusha kilianza mwaka 1971, kikaja kusimama mwishoni mwa miaka ya 2000.

Kiswahili kina neno moja kwa mmea, kwa maziwa yake yaliyoganda na kwa kile tunachopiga teke uwanjani: mpira. Lugha yetu haikusahau. Tuliosahau ni sisi, tunaodhani dawa ya pancha ni ujuzi wa kizungu mtupu. Muuza mkaa wa Mbagala anastahili kujua kuwa babu yake wa Rufiji au Kilwa aliyajua maziwa hayo kabla baiskeli haijafika.