Faini ya Kukataa Uongozi

Septemba 1654, Wayahudi 23 waliokimbia Recife, Brazil, baada ya Wareno kuuteka tena mji huo, waliteremka New Amsterdam, mji unaoitwa New York leo. Gavana Peter Stuyvesant alitaka kuwafukuza. Mwaka uliofuata, Kampuni ya Kiholanzi ya India Magharibi, iliyomiliki koloni, ikamkatalia, ila kwa sharti: maskini wa Kiyahudi watunzwe na Wayahudi wenzao.

Sharti hilo lilihitaji watu wa kukusanya fedha na kuzigawa kwa haki, na rabi hakuwepo. Abraham Rice, rabi wa kwanza mwenye daraja kuhudumu katika usharika wa Marekani, alifika mwaka 1840 na kwenda Baltimore. Muda wote huo usharika wa New York, Shearith Israel, uliongozwa na wafanyabiashara waliofunga maduka yao jioni wakaenda kwenye vikao bila malipo. Mkuu wao aliitwa parnasi.

Kazi yake ilikuwa nzito. Hazani, aliyeongoza sala, alilipwa mshahara wa pauni 50 kwa mwaka, akapewa pia kuni za kupashia nyumba joto na mikate isiyotiwa chachu ya Pasaka kwa familia yake. Parnasi na wenzake ndio waliohakikisha hayo yote yanapatikana, huku wakimsaidia mjane, wakimsimamia mchinjaji na kusuluhisha ugomvi wa waumini. Si ajabu wengi waliikwepa nafasi hiyo. Kanuni za usharika za 1728 ziliweka faini: aliyechaguliwa kuwa parnasi akakataa alilipa pauni tatu, nazo ziliingia katika mfuko wa sadaka.

Lakini ninachokithamini zaidi katika kanuni hizo ni kifungu kingine. Kila mwaka walichaguliwa pia mahatani wawili, waliopewa heshima ya kuitwa wakati usomaji wa Torati unapomalizika na kuanza upya, na ambao walikuwa wasaidizi wa parnasi. Kwa kawaida mtu hakuchaguliwa parnasi kama hajawahi kuwa hatani, wala kama hajaoa. Hakukuwa na semina wala kitabu cha mafunzo. Mtu alikaa mwaka mzima kando ya mkubwa wake, akaona fedha zinavyohesabiwa na ombi la maskini linavyosikilizwa, ndipo akabebeshwa mzigo. Miaka miwili baada ya kanuni hizo, 1730, usharika huo mdogo ulifungua sinagogi yake katika mtaa wa Mill, ya kwanza kujengwa katika makoloni yaliyokuja kuwa Marekani.

Utaratibu huo ulikuwa na kasoro kubwa: uliwaacha nje wanawake wote, na vijana walisubiri mno. Kufikia 1825 usharika ulikuwa umejaa wahamiaji wapya, vijana wengi kati yao, lakini wazee hawakulegeza kamba. Kundi la vijana likaunda chama cha kufundishana dini, wakaomba kusali peke yao asubuhi za Sabato. Wazee walikataa. Vijana hao wakajitenga wakaanzisha B'nai Jeshurun, usharika wa pili wa mji huo. Chama chao kilikuwa kimeshaweka masharti mawili: pawepo muda wa kufafanua na kufundisha kila wanapokutana, na pasiwepo kiongozi wa kudumu.